Nani Aachie Kwanza

Aabo,

Nimekuita kwa jina ambalo wewe huniita mimi. Ndivyo watu wetu wanavyofanya, baba humwita mwanawe baba, mama humwita mwanawe mama, na hakuna anayeona ajabu. Nimeanza hivyo kwa makusudi, kwa sababu tangu uliposaini ile kazi ya Nairobi sijakuita kwa jina lolote. Namwambia mama yako amwambie huyo msichana hivi na vile, nawe unamwambia mama yako amwambie yule mzee chai iko mezani. Mama yako amechoka kuwa mjumbe ndani ya nyumba yake. Mimi pia nimechoka. Kesho asubuhi basi lako linaondoka Garissa, na mpaka sasa sijakuombea dua ya safari, nawe hujaja kuiomba. Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Unajua mimi si mtu wa barua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha kuongea tu, sikufundishwa kukiandika, na Kiingereza nimekitumia kazini miaka mingi mpaka kila nikikiandika naona kama ninajibu mteja. Utanivumilia. Mambo ya blanketi, ya dawa ya tumbo, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, hayo mama yako ameshayasema na atayarudia stendi. Mimi nataka kukueleza habari za makufuli.

Usicheke. Najua ni wewe unayekwenda kulipwa kwa kazi ya kernel, na mimi ni mzee anayetengeneza vidhibiti vya pampu kwenye chumba cha nyuma. Lakini ni mimi niliyekukalisha kwenye meza ya jikoni na vifuniko vya soda nikakuonyesha: kernel ndiyo huku ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, mahali mashine nzima inapotawaliwa, na humo kazi nyingi huenda kwa wakati mmoja. Zikitaka kugusa kitu kimoja, kila moja lazima ishike kufuli la kitu hicho kwanza, ifanye yake, halafu iachie. Kifuniko chekundu tangi, cha kijani pampu. Ulielewa haraka kuliko nilivyotaka. Nilichokuficha ni namna mimi mwenyewe nilivyojifunza. Ulipouliza habari za kazi yetu ya maji kule Griftu nilikujibu kwamba mradi haukuendelea, kisha nikawasha redio.

Guyo unamkumbuka. Yule bwana mrefu wa Wajir aliyekuwa akija kwetu Idd na kukutania kwamba amekutafutia mume mwenye ngamia mmoja kilema. Tulikuwa mafundi wawili tu katika ile kampuni ndogo, na kwa kuwa yeye kwao ni Waborana na sisi ni Wasomali, tuliongea Kiswahili kutwa nzima, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Tulipewa kazi ya kisima cha sola cha Griftu. Mfugaji angegusisha kadi yake kwenye kisanduku, maji yangeshuka kwenye birika la mifugo, na kisanduku chenyewe kingejua lini pampu iwake na lini izimwe. Sehemu ya programu inayosoma kadi niliandika mimi. Sehemu ya kuangalia pampu na kuizima tangi likijaa aliandika Guyo. Makufuli yalikuwa mawili tu, la tangi na la pampu, na kila sehemu ilihitaji yote mawili.

Mimi nilishika la tangi kwanza, kisha la pampu. Sikufikiria. Nilikulia upande wa Masalani, na kiangazi tulichimba visima mchangani, na marehemu baba alinipiga kofi siku niliyovuta maji kabla birika halijakuwa letu. Maji yakishatoka hayana pa kwenda, alisema, yatanywewa na mbuzi za watu huku za kwako zinakutazama. Kwa hiyo kwetu unashika birika kwanza, ukishamweka mtu wako hapo, ndipo unakwenda kuomba kamba. Hiyo ndiyo adabu niliyoijua, na niliiingiza kwenye kernel bila kujua kwamba nimeiingiza.

Guyo alishika la pampu kwanza, kisha la tangi. Kwao visima ni vya watu wengi, na mwenye kamba ndiye mwenye zamu. Birika litafuata. Mtu anayekalia birika wakati hana kamba kwao ni mtu wa kuonewa haya. Naye hakufikiria.

Hatukuulizana. Ningemuuliza vipi mtu mzima mwenzangu anavyonywesha ng'ombe wake? Kazi yake nilipoipima peke yake ilikwenda vizuri, na yangu vivyo hivyo. Kernel ina chombo chake, utakutana nacho wiki ya kwanza, kinachokumbuka makufuli yanashikwa kwa mpangilio gani na kupiga kelele pale wawili wanapotofautiana, hata kabla jambo halijaharibika. Tulikizima. Kilikuwa kinakifanya kisanduku chetu kidogo kiwe kizito, na tulikuwa na haraka, na tulijiona tunajua.

Kisha ikafika siku ya soko Griftu, kiangazi kikali, kadi zinagusishwa moja juu ya nyingine na pampu inafanya kazi bila kupumzika. Sehemu yangu ikashika tangi ikangoja pampu. Sehemu ya Guyo ikashika pampu ikangoja tangi. Tulipofika na gari, taa za kisanduku zilikuwa zinawaka zote, saa kwenye kioo imesimama, jua limejaa kwenye sola, na birika limekauka. Nilitarajia kukuta kitu kimeungua. Hakuna kilichoungua. Nilizima nikawasha, maji yakatoka, watu wakatushukuru, tukarudi zetu. Nikawaambia ni joto.

Soko lililofuata ikawa hivyo tena. Safari hiyo tulikaa kwenye hoteli ya chai tukafungua kazi ya kila mmoja, mstari kwa mstari, na Guyo ndiye aliyeona. Akachora mishale miwili nyuma ya kartoni ya maziwa, wangu unakwenda huku, wake unarudi huku.

"Wewe nashika tangi kwanza?" akaniuliza.

"Kila mtu anashika birika kwanza."

"Nani kila mtu? Kwetu mtu ya birika bila kamba ni mwizi ya nafasi."

Tulicheka, aabo. Tulicheka mpaka mwenye hoteli akaja kutazama. Mimi nikamweleza kofi la baba, yeye akanieleza babu yake aliyemfukuza mtu kisimani kwa bakora, na kwa muda mfupi tulikuwa watu wenye furaha kuliko wote Wajir Magharibi. Shida ilikuwa imepatikana, na dawa yake ilikuwa ndogo kuliko kikombe cha chai. Mashine haijali nani anaanza. Tangi kwanza ni sawa, pampu kwanza ni sawa, mradi wote tuanze na lile lile. Mmoja wetu alihitaji kugeuza mistari miwili.

Nikamwambia ageuze yake. Yangu ndiyo ya busara, nikasema, mtu mwenye akili hutayarisha pa kumimina kwanza. Akasema yake ndiyo ya haki. Tukasema tutazungumza tukifika nyumbani. Kisha yeye akapita kwao, mimi nikarudi Garissa, na kila mmoja akawa anangoja mwenzake atume kazi iliyorekebishwa. Mama yako aliniuliza kila jioni, umempigia Guyo? Nikawa namjibu kwamba zamu ya kupiga simu si yangu. Alipozidi kuuliza nikamwambia asiingilie mambo ya kazi.

Kungoja ni kitu rahisi sana kufanya. Huhisi kwamba unafanya kosa. Kila siku nilikaa kwenye kiti, nikafanya kazi nyingine, nikaswali, nikala, na moyoni nilikuwa mtu mvumilivu anayesubiri mwenzake apate akili. Nina hakika Guyo naye alikuwa mvumilivu vilevile.

Walipotuita tena kisanduku kilikuwa kimekwama tangu usiku, na mtu wa kukizima na kukiwasha alikuwa ameenda msibani na ufunguo. Jenereta ya zamani ilikuwa imeshang'olewa kwa ajili yetu. Mbuzi walikuwa wamelala kando ya birika, wengine hawakuamka. Wengi walikuwa wa mama mmoja anayeitwa Dahabo, mjane, alikuja nao kutoka mbali kwa ajili ya soko. Hakulia wala hakupaza sauti. Mtu mmoja alikuwa amemweleza, sijui nani, kwamba shida inajulikana ila mafundi hawajakubaliana. Aliongea Kiswahili ili Guyo naye asikie.

"Nyinyi fijana mko wawili," alisema. "Bampu mnajua. Dawa mnajua. Sasa mlikuwa mnangoja nani?"

Usiku huo huo kila mmoja aligeuza kazi yake, bila kumwambia mwenzake, kwa hiyo asubuhi mpangilio ulikuwa umepishana tena, kinyume chake. Ukiniuliza ni kitu gani kimenizeesha, ni hicho. Kamati ya maji haikusubiri tukirekebishe. Waliking'oa kisanduku, wakarudisha jenereta, na walikuwa na haki yao. Mimi na Guyo tulirudi kwenye gari moja bila kuzungumza, tukiwa tumeshaacha kugombana. Sasa ananitumia picha ya maua kila Idd, ile ile anayomtumia kila mtu, nami humrudishia picha ya msikiti. Alikuwa rafiki yangu. Sijapata mwingine wa namna yake, na nimemkosa sana.

Ningeishia hapa nikakwambia: huko Nairobi utafanya kazi na watu waliokulia kwenye visima vingine, waulize wanaanza na nini, na mkishakubaliana muandike mahali pa wazi. Ingekuwa nasaha nzuri na ningelala. Lakini bado sijafika kwetu wawili.

Nilikasirika kwa sababu ya mpangilio. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mama yako, tena na tena. Baba huambiwa kwanza, kisha wajomba, kisha watu. Wewe ulimwambia abti yako, kaka wa mama yako, ukasaini, na mimi nikasikia habari mlangoni mwa msikiti, tunavaa viatu, shemeji ananishika mkono ananipongeza kwa ajili ya binti. Nikajifanya najua. Nikasema alhamdulillahi, nikatabasamu, nikavaa kandambili za mtu mwingine nikaja nazo mpaka nyumbani. Ziko bado pale nje, za bluu, mwenyewe hajazidai. Aibu ile niliileta pamoja nazo, nikaikalia, na nikaamua kwamba dua ya safari sitaitoa mpaka uje uniambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Wewe nawe, kama ninavyokujua, umeamua hutakuja mpaka nikuulize hata mara moja hiyo kazi yenyewe ni ya nini.

Basi juzi nilikuona unakunja nguo zako sebuleni, ukasimama na kanzu yangu mkononi, ile iliyochanganyika na zako, hujui uniletee au umpe mama yako. Ukampa mama yako. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, ningeweza kunyoosha mkono. Nikakumbuka kitu ambacho kwa wiki hizi zote sikutaka kukikumbuka.

Ulishakuja kwangu kwanza. Ulipomaliza chuo ulikuja baada ya alasiri, mimi namwagilia ule mwarobaini, na simu mkononi, ukanionyesha yale mafunzo ya kazi ya Nairobi. Ulinieleza vizuri, umejipanga, nauli umeshauliza, mahali pa kulala kwa shangazi umeshauliza. Ulifuata kila adabu niliyokufundisha. Nikakwambia, acha nifikirie. Ulingoja. Ukaniuliza mara moja tena, nikasema bado. Nafasi ikafungwa. Sikukwambia hapana, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo, kwamba mimi si baba anayemkatalia binti. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilishika jambo lako nikalala nalo.

Unaijua sheria. Yapo makufuli kwenye kernel ambayo ukishayashika huruhusiwi kulala mpaka uyaachie, kwa sababu kila anayeyahitaji anazunguka pale pale akiyataka, hana kingine anachoweza kufanya. Nilikufundisha hiyo kwa vile vifuniko vya soda. Ulikuwa umesimama mbele yangu na simu yako na mimi nimelala wima, namwagilia mti.

Kwa hiyo mara ya pili hukuanza na mimi. Ulitafuta njia isiyopita kwangu. Nimekuwa nikisema umevunja mpangilio, na ni kweli uliuvunja, bado nasema ungeniambia, nimeumia na sitajifanya sikuumia. Lakini mtu hawezi kudai aanzwe yeye ikiwa akishika haachii.

Ipo njia ya kutoka kwenye mkwamo, ambayo mimi na Guyo tuliijua kwenye kazi na hatukuijua kwenye nafsi. Ukiwa umeshika moja na la pili hulipati, usikae pale. Liachie ulilonalo, rudi nyuma, anza upya. Hakuna anayekucheka, mashine haina kumbukumbu ya nani alirudi. Na mwenye kushika mengi huachia kuanzia la mwisho kulishika, akirudi nyuma moja moja, asije akafungua mlango wa nje wakati ndani bado pamevurugika. Wengine watakwambia mpangilio wa kuachia hauna neno, na kwa mkwamo peke yake ni kweli. Mimi bado naufuata. Nimezoea hivyo, na safari hii unanisaidia.

La mwisho nililolishika ni kimya. Nimeliachia kwa barua hii, na asubuhi nitakuamkua mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mama yako, naye atafanya kama hajasikia ili asitutie aibu.

Kabla ya hilo nilishika dua. Naiachia sasa, hujaiomba na sitangoja uiombe. Mwenyezi Mungu akutangulie njiani na akulinde nyuma yako. Akufungulie riziki ya halali, akupe wakubwa wa kazi wasiokudharau na wadogo wasiokuogopa. Akukinge na ugonjwa, na watu wabaya, na upweke wa Jumapili mjini, ambao naujua. Akurudishe kwetu ukiwa mzima. Ridhaa yangu unayo, yote, ya kazi hii na ya ile nafasi uliyoikosa kwa ajili yangu.

Kabla ya dua nilishika hasira ya mlangoni mwa msikiti. Hiyo nayo inatoka, ingawa kwa shida. Kandambili nitazirudisha Ijumaa.

Limebaki la kwanza kabisa, lile nililolishika siku ya mwarobaini, na hilo si hasira wala si adabu za watu wetu. Niliogopa. Niliona nyumba bila wewe, meza ile ya jikoni bila mtu wa kunisahihisha, nikafunga mkono. Nimejaribu kuufungua tangu nianze kuandika na haufunguki, aabo. Sijui utafunguka lini.

Wewe panda basi. Hili halikuhusu tena, usinisubiri.

Aabahaa